Malengelenge ya mdomo kwa watoto: homa haitokei mdomoni

"Homa imeshatoka, daktari." Nayasikia maneno haya karibu kila wiki, na mara nyingi husemwa kwa furaha. Mzazi anainua kidevu cha mtoto ili nione: malengelenge matatu au manne yamebanana kwenye ukingo wa mdomo, mengine bado yana maji, mengine yamepasuka na kuanza kufunga kigaga. Mtoto ana joto kwa siku tatu sasa. Kwa mzazi huyo hiyo ni habari njema: ugonjwa uliokuwa ndani umepata njia ya kutokea, kwa hiyo kilichobaki ni kusubiri. Wapo walioacha hata dawa walizoandikiwa.

Nimeeleza mdomo kwa mdomo hadi nimechoka, sasa naandika. Homa haitokei mdomoni. Homa si kitu kinachozunguka mwilini kikitafuta tundu. Ni joto ambalo mwili wenyewe umelipandisha, kwa amri ya ubongo, mara nyingi kwa sababu kuna vimelea unaopigana navyo mahali fulani: kwenye mapafu, sikio, njia ya mkojo au damu. Malengelenge yana mwenyewe. Yanaletwa na kirusi kiitwacho herpesi simpleksi aina ya 1, na mtoto anayetokwa nayo mara kwa mara alikuwa na kirusi hicho kabla homa ya safari hii haijaanza.

Kilikuwa kimejificha wapi? Kirusi hiki huwapata watoto wengi wakiwa wadogo, kupitia mate au kidonda cha mtu mwingine: busu, kijiko kilichoonjwa, mwanasesere aliyetoka kinywani mwa mwenzake. Mtoto anapopona, chenyewe hakiondoki. Kinapanda kwa kufuata neva ya uso hadi kwenye fundo la seli za neva lililo ndani ya fuvu, na humo kinalala maisha yote. Kinga ya mwili inakizuia kisisumbue, lakini haiwezi kukifukuza. Kikipata cha kukiamsha (joto la mwili, jua kali, uchovu, mdomo uliochubuka) kinashuka kwa neva ileile hadi kwenye ngozi, mara nyingi sehemu ileile. Ndiyo maana mama anaweza kunyoosha kidole bila kusita akasema, "Ni hapahapa kila mara."

Kwamba joto tupu linatosha kukiamsha, hilo limeonekana zamani. Katika miaka ya 1930, kabla penisilini haijaenea, wapo madaktari waliotibu kisonono na kaswende kwa kumpandisha mgonjwa joto makusudi, kwa kutumia mashine. Wengi wa wagonjwa hao walitokwa na malengelenge midomoni muda mfupi baadaye. Joto lile lilitengenezwa chumbani. Hapakuwa na homa yoyote ya kutoka.

Kwa hiyo mzazi anayeona malengelenge katikati ya homa ameona jambo moja tu: mwili ulipata joto la kutosha kumwamsha mpangaji wa zamani. Hajaona mwisho wa ugonjwa. Chanzo cha homa bado hakijajulikana, na huenda bado kinaendelea na kazi yake.

Kuna mtoto wa miaka minne ambaye sijamsahau. Aliletwa na bibi yake, siku ya tano ya homa, na bibi alikuja kwa ajili ya dawa ya kupaka mdomoni tu. "Ameshaanza kupona, mwanangu," aliniambia, "si unaona homa imetokea mdomoni?" Nilipandisha fulana ya mtoto. Ngozi kati ya mbavu ilikuwa inabonyea kila anapovuta hewa. Nilihesabu pumzi kwa dakika nzima, nikapata 52. Kwa umri wake, kuanzia 40 tayari ni kupumua kwa kasi. Ilikuwa nimonia. Malengelenge yalikuwa yametoka siku ya tatu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa tena paji la uso kuangalia joto. Bibi yule anampenda mjukuu wake kuliko ninavyoweza kueleza. Alichokosea ni kuamini jambo ambalo kila mtu aliyemzunguka analiamini.

Nawaomba basi: mtoto mwenye homa na malengelenge achunguzwe kana kwamba malengelenge hayapo. Apimwe malaria kama anaishi au ametoka penye malaria, masikio yaangaliwe, pumzi zihesabiwe, mkojo upimwe pale inapobidi. Na dawa aliyoandikiwa aimalize.

Kuna hali moja ambapo kirusi hiki chenyewe ndicho kinacholeta homa, nayo ni mara ya kwanza kabisa. Watoto wengi huambukizwa bila dalili ya maana. Wengine, hasa kati ya miezi 6 na miaka 5, huugua kweli: joto linapanda, ufizi unavimba, unakuwa mwekundu na kutoa damu ukiguswa, vidonda vinajaa ulimini na ndani ya midomo, mate yanadondoka na harufu ya kinywa inabadilika. Hali hii inaweza kuchukua siku 10 hadi 14. Kinachowafikisha watoto hawa wodini mara nyingi ni kukosa maji, kwa sababu kumeza kunauma. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, subiri nusu saa, kisha mpe kinywaji baridi kidogokidogo, hata kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Chakula kigumu kinaweza kusubiri siku mbili tatu, maji hayawezi. Akipitisha saa 8 bila kukojoa, nenda hospitali. Na uje mapema: asiklovia ya kunywa, dawa inayopambana na kirusi hiki, husaidia zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu za mwanzo.

Sasa hayo mengine ninayoulizwa.

"Ana upungufu wa vitamini." Hapana. Midomo inayochanika kwenye pembe zote mbili inaweza kuhusiana na upungufu wa madini ya chuma au vitamini B, na pengine fangasi. Malengelenge yaliyobanana upande mmoja, yaliyotanguliwa na kuwasha au kuchomachoma, ni herpesi. Vidonda vyeupe vya mviringo vinavyotokea mara mojamoja ndani ya shavu ni kitu kingine tena, na haviambukizi.

"Mwandikie antibiotiki, kidonda kikauke haraka." Antibiotiki huua bakteria, hiki ni kirusi. Nitaiandika tu kama bakteria wameingia juu ya kidonda, yaani kigaga kimekuwa cha rangi ya asali, kinasambaa, au ngozi ya pembeni imevimba na kuwa moto. Vinginevyo malengelenge hupona yenyewe kwa siku 7 hadi 10 hivi.

Asiklovia ya kupaka nayo imebebeshwa sifa isizostahili. Dawa hii iliingia kwenye matibabu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Gertrude Elion, mmoja wa wanasayansi waliokuwa nyuma ya kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ni dawa nzuri. Lakini ikipakwa mdomoni inafupisha kidonda kwa muda mdogo tu, na hata hilo ni pale inapoanzwa wakati mdomo unachomachoma, kabla lengelenge halijatoka. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukwambia kuwa mdomo unamchomachoma, na siku ya nne, kigaga kimeshafunga, unapaka bure. Haifiki kule kirusi kilikolala, kwa hiyo haizuii kurudi. Mtoto anayetokwa mara sita au zaidi kwa mwaka, au ambaye vidonda vyake ni vikubwa na vinapitisha wiki mbili, aletwe. Huyo anaweza kuhitaji dawa ya kunywa ya kuzuia, na kinga yake ichunguzwe.

Binafsi naamini zaidi kofia yenye ukingo mpana na mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua namba 30 au zaidi, kila siku, kwa mtoto ambaye jua ndilo linalomwamshia. Utajuaje kama ni jua? Andika tarehe kila yanapotoka, na kilichotokea siku mbili tatu kabla. Wazazi wanaoniletea orodha hiyo wananisaidia kuliko wanaoniletea mirija mitano ya krimu.

Kutumbua, kupaka dawa ya meno, chumvi au spiriti: acheni. Vinauma, vinachoma ngozi, na kutumbua kunamwaga majimaji yaliyojaa virusi. Mafuta ya mgando yanatosha, yapakwe kwa pamba safi ili kigaga kisipasuke. Krimu za steroidi zilizobaki nyumbani baada ya kutibu ukurutu zisiguse kidonda hiki kabisa. Zinakipa kirusi nafasi.

"Herpesi ni ugonjwa wa zinaa, ameupata wapi?" Swali hili limevunja amani ya nyumba nilizozijua, na mara zote lawama imemwangukia mama. Aina ya 1 kwenye mdomo wa mtoto huja kwa mate ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50, sawa na asilimia 64, wanayo. Wengi hawajawahi kuona lengelenge hata moja. Malengelenge sehemu za siri za mtoto ni suala tofauti, na hayo aletwe siku hiyohiyo.

Shule? Mtoto mkubwa mwenye kidonda cha kawaida aende, anawe mikono, asigawane chupa ya maji na wenzake. Mdogo anayedondosha mate na kutia kila kitu mdomoni, aliyepata kwa mara ya kwanza, abaki nyumbani hadi vidonda vikauke. Anayenyonya kidole afuatiliwe, kwa sababu virusi huhamia kwenye kidole na kutengeneza malengelenge yenye maumivu makali. Vikihamia kwenye jicho, likawa jekundu, likauma au likakwepa mwanga, hiyo ni dharura ya siku hiyo. Mwenye ukurutu ambaye malengelenge yameanza kusambaa juu ya ngozi yake naye asingoje kesho.

Na kama nyumbani kuna kichanga, mwenye kidonda mdomoni asimbusu, awe kaka, dada, shangazi au babu, hadi kigaga kidondoke na ngozi ya chini iwe nzima. Katika wiki nne za kwanza kirusi hiki kinaweza kufika kwenye ini na ubongo wa mtoto, na dalili zinaweza kuwa ndogo kuliko mnavyotarajia: amelegea, ananyonya kwa shida, ana joto au amekuwa wa baridi, pengine bila lengelenge lolote. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na mwambieni anayempokea kuwa kuna mtu nyumbani mwenye kidonda mdomoni.