Maana ya Mlima Mrefu Usio wa Kiufundi, na Namna ya Kuuchagua

Mlima usio wa kiufundi ni ule ambao kilele chake hufikiwa kwa kutembea, bila kamba wala shoka la barafu, hata kama mikono italazimika kushika mwamba hapa na pale. Sifa hii ni ya njia kuliko ya mlima wenyewe. Katika Mlima Kenya, kilele cha Lenana chenye mita 4,985 hupandwa na watembeaji wa kawaida, ilhali Batian, chenye mita 5,199, huwataka watu waliofunzwa kukwea miamba kwa kamba.

Kukosekana kwa kamba hakumaanishi wepesi. Kwenye kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni takriban nusu ya lile la pwani, na kijana mwenye mbio anaweza kutapika njiani huku mzee anayekwenda polepole akimpita.

Kwa hiyo anayetaka kujenga ustahimilivu na kujiamini achague kila mlima kwa kile unachoongeza juu ya uliotangulia. Longido, mlima wa kaskazini mwa Tanzania wenye mita 2,637, unatosha kupima viatu na magoti kwa siku moja. Baada ya hapo, Meru, ulio karibu na Arusha, ndio ningeupendekeza kuliko mingine: mpandaji hulala kwenye kibanda cha Miriakamba, kisha cha Saddle kwenye takriban mita 3,570, huamshwa usiku wa manane, na hupita kwenye ukingo wa kreta wenye majivu na mawe, mwembamba kiasi cha kumtambulisha mtu kwa woga wake wa kimo. (Askari wa hifadhi mwenye bunduki huongozana na kundi kwa sababu ya nyati.)

Nguvu za miguu na uzoefu wa usiku ule hubaki, lakini mwili hupoteza mazoea ya kimo ndani ya wiki chache. Anayetoka Meru na kuingia Kilimanjaro siku chache baadaye huvuna vyote. Anayengoja mwaka mzima huanza upya kuzoea kimo, na kuanzia mita 3,000 hushauriwa asipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku. Njia ya Marangu huvunja kanuni hiyo, kwani kutoka kibanda cha Horombo kupanda hadi cha Kibo ni takriban mita 1,000, ndiyo maana usiku wa pili Horombo una thamani kuliko fedha inayookolewa kwa kuuruka.