Kulipia "bima kubwa" hakufuti deni la gari la kukodi

Wiki hii tena. Mteja karudi kutoka Namibia, kadi yake imekatwa hela ya kioo cha mbele, na swali ni lile lile ninaloulizwa hapa Dodoma kila msimu wa safari: "Si nililipia bima kubwa?"

Ulilipia, ndugu yangu. Lakini kinachouzwa kaunta ya kampuni ya kukodisha magari kwa kawaida ni makubaliano kwamba gari likigongwa hutadaiwa zaidi ya kiwango fulani. Kiwango hicho ndiyo eksesi, na eksesi ni yako. Tuseme mkataba umeandika euro 1,200. Umekwaruza bampa, matengenezo ni euro 400: zote unalipa wewe. Uharibifu ukifika euro 5,000, unalipa 1,200, wao wanabeba zinazobaki. Hata bima kubwa ya IST yako ya nyumbani huwa na eksesi, sema wengi hawaisomi mpaka siku ya ajali.

Kinachoniudhi hasa ni watu kusaini bila kufungua ukurasa wa vitu visivyoingia. Matairi, rimu, vioo, paa, uvungu, funguo zilizopotea, kuweka petroli kwenye gari la dizeli: kwenye mikataba mingi vyote hivyo viko nje, labda ulipie nyongeza. Na Namibia barabara nyingi ni za changarawe. Sisi tuliozoea njia za vumbi za Bahi na Chamwino tunaona hiyo ni barabara tu, tunakanyaga mafuta. Linapita lori, kijiwe kinaruka, kioo kinapata ufa mdogo kama ukucha, na ufa huo tayari ni bili. Uliza kabla ya kusaini: kioo na tairi ni juu ya nani?

Je, ununue nyongeza ya kufuta eksesi? Hapa sina jibu linalomfaa kila mtu. Ile ya kaunta ni ghali, ila likitokea la kutokea unarudisha gari na kuondoka. Ile ya kampuni nyingine ya bima huwa nafuu, ila wenye gari watakukata kwanza, kisha wewe ndiye uhangaike kudai urudishiwe, na risiti na ripoti ya polisi mkononi. Kwa mtu aliyedunduliza nauli, mimi huelekea ya kaunta. Wenzangu hunibishia kwamba nawapa watu gharama bure, na hoja yao ina uzito.

Mengine kwa kifupi. Dhamana inazuiwa kwenye kadi, na kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi unayotolea hela ATM inaweza kukataliwa hata kama salio lipo, na ya mwenzi wako pia. Leseni ya kimataifa ni tafsiri ya leseni yako, kwa hiyo beba zote mbili. Chini ya miaka 25, tegemea kuongezewa bei.

Na kabla hujawasha gari, lizunguke na simu. Piga video rimu moja moja, kioo, bampa kwa chini, kisha geji ya mafuta na kilomita. Kila mkwaruzo ambao haumo kwenye fomu ya ukaguzi, mwite mhudumu auandike. Akisema ni mdogo hauna haja ya kuandikwa, usiondoke mpaka auandike na kusaini.