Utafiti wa uchumi si fedha na benki tu

Wengi hapa Dodoma huamini kwamba anayesomea uzamili au uzamivu wa uchumi hutafiti fedha, benki na bajeti, basi. Si ajabu, ndiyo yanayosikika kwenye taarifa ya habari. Ila uchumi huchunguza jinsi watu wanavyochagua pale rasilimali zinapokuwa haba. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anayeamua auze mbichi au azikaushe ni mada halali. Vilevile bei za mahindi Kibaigwa, utoro shuleni, foleni ya maji, hata ndoa (makala za kiuchumi kuhusu ndoa zilichapishwa tangu miaka ya 1970). Ukitaka kuhakiki, fungua hazina za tasnifu ambazo vyuo vikuu vingi huziweka mtandaoni, usome vichwa na ikisiri (muhtasari wa utafiti), kisha uangalie data zilikusanywa kwa nani.