Hyman ana mikono, nyie mnaangalia mahali pasipo

Kila msimu wa NHL, ligi ya magongo ya barafuni ya Amerika Kaskazini, ubishi ni ule ule. Zach Hyman, winga wa Edmonton Oilers, anatumbukiza mabao mawili ya karibu, na mechi haijaisha watu wameshaanza: huyu mtu wa kazi tu, ana mapafu, hana mikono, yaani hana ufundi wa gongo. Pasi hana, shuti hana, anaishi kwa makombo ya senta wao, Connor McDavid. Wengine wanalisema kama sifa, eti tazameni bidii inavyomfikisha mtu asiye na kipaji. Sifa ya namna hiyo inaniudhi kuliko tusi, kwa sababu vijana wanaojifunza kucheza winga wanaiamini, halafu wanakwenda mazoezini kukimbia tu.

Takwimu nitazipitia haraka, maana zenyewe hazimalizi ubishi. Msimu wa 2022-23 Hyman alifunga mabao 36 na kutoa asisti 47. Msimu uliofuata alifunga 54 katika mechi 80, asisti zikashuka hadi 23. Timu ile ile, senta yule yule. Anayedai hajui pasi huwa ameishika ile 23 na hataki kabisa kuiona 47. Na anayedai hajui kufunga bado amekwama Toronto, timu yake ya zamani, ambako Hyman hakuwahi kupita mabao 21 kwa msimu. Toronto alitumwa kona kuchimba paki, kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira, kwa ajili ya wenzake, na kwenye pawaplei, pale mpinzani anapopungukiwa mchezaji kwa adhabu, nafasi yake ilikuwa finyu. Kabla ya hapo, mwaka wake wa mwisho chuoni Michigan, 2014-15, alipata pointi 54 (mabao na asisti pamoja) katika mechi 37. Mapafu peke yake hayakupi hizo.

Sasa tuje kwenye shuti lenyewe. Watu wakisema "shuti" wanafikiria paki inayotoka mita kumi ikapaa hadi kona ya juu. Kwa kipimo hicho, Hyman ni wa kawaida, na hapo sibishani na mtu. Mpe nafasi ya wazi kwenye duara la pembeni, hakuna aliyemziba kipa asione, na makipa wengi wa ligi ile watadaka. Kosa ni kudhani kwamba ukisogea hadi mita moja kazi inakuwa rahisi. Inakuwa kazi nyingine.

Angalia vipimo. Pedi za miguu za kipa zinaruhusiwa upana wa inchi 11, yaani sentimita 28. Kipa akipiga magoti pedi inalala kwa ubavu, na mbele yako unasimama ukuta wa sentimita 28 kutoka barafuni, karibu nguzo hadi nguzo. Paki iko mita moja kutoka kwenye pedi. Ili ivuke, inabidi ipande sentimita 30 ndani ya hiyo mita moja, nyuzi kama 17, na huwezi kurudisha gongo nyuma kuchukua nguvu kwa sababu beki ameshakulalia mgongoni na gongo lake linatafuta lako. Muda ulio nao haufiki hata sekunde moja. Wapigaji wazuri wa mbali wakifikishwa hapo wanaibamiza paki kwenye pedi, tena kwa nguvu zote, kisha wanatazama juu kana kwamba wamekosa bahati.

Inavyofanyika ni hivi. Mkono wa chini unateremka kwenye mpini mpaka gongo linakuwa fupi. Kiwiko cha mkono wa juu kinatoka mbele ya mbavu, kwa sababu kikibana ubavuni bapa, ile sehemu pana ya gongo inayogusa paki, halifunguki. Paki inavutwa kwa ncha ya bapa kuelekea miguuni mwako, sentimita 20 au 30 hivi. Mvuto huo mfupi unabadilisha pembe ya shuti wakati kipa ameshajitupa kuziba pembe ya kwanza, na unakuongezea umbali wa kuipandisha paki. Kisha bapa linafunguka likaangalia juu, na kifundo cha mkono kinafyatua. Nguvu haina kazi hapo. Ukitumia bekihendi, yaani upande wa nyuma wa bapa, mkunjo wa bapa umekugeuzia mgongo, kwa hiyo paki ianzie karibu na kisigino cha bapa, pale linapoungana na mpini. Ikianzia kwenye ncha itachuruzika chinichini na kuishia kwenye pedi. Hyman anayafanya haya mtu akiwa amemng'ang'ania, upande wowote wa bapa. Mkiita hayo bidii, basi hata mpiga kinanda ana vidole vyenye bidii.

Kuchepua shuti la mwenzako, yaani kuligusa njiani likageuza mwelekeo, nako kunadharauliwa, eti paki imempiga tu. Kutoka mstari wa bluu, pale eneo la kushambulia linapoanzia, hadi mstari wa goli ni futi 64, takriban mita 19.5. Shuti la beki likija kwa kilomita 125 kwa saa linafika kwa nusu sekunde na ushei. Kipa akiliona tangu linapoondoka, anao muda. Likichepuliwa mita moja na nusu mbele yake, zinabaki kama sekunde 0.04, na hakuna binadamu anayeitikia kwa kasi hiyo. Anachoweza ni kuwa ameshajipanga mahali sahihi. Ndiyo maana mchepuaji hapungi gongo kama anayefukuza nyuki. Mkono wa juu unashika imara, wa chini unalegea, bapa linawekwa kwa pembe na kutulia, paki inakuja kuligusa. Ukilisukuma kwenda mbele, paki inapaa juu ya mtambaa panya. Na bapa lisiiguse paki ikiwa juu ya mtambaa panya, mita 1.22 kutoka barafuni, maana bao hilo linafutwa. Evan Bouchard, beki wa Oilers, anapojiandaa kupiga kutoka nyuma, tazama bapa la Hyman liko wapi kabla paki haijaondoka. Tayari limetulia.

Na hapa ndipo kwenye jambo linalonikera kuliko yote: kumziba kipa. Mtu anaziba, shuti linaingia bila kumgusa, na kwenye karatasi ya takwimu anapata sifuri. Si bao, si asisti. Kisha mtu anakuja na karatasi hiyo hiyo kunithibitishia kwamba mwenye karatasi hana ufundi.

Kuziba si kusimama. Ukisimama mbali sana, mita tatu hivi, kipa anachungulia pembeni yako kwa kusogeza kichwa tu. Ukisimama karibu mno, ukaingia kwenye rangi ya bluu, lile eneo la kipa mbele ya goli, na kumgusa, bao linafutwa, na hata lisipofutwa huna nafasi ya kuchepua wala ya kugeuka paki inaporudi. Visigino vinakaa nje kidogo ya rangi, miguu imetanuka ili paki ipite katikati, makalio yanamsukuma beki, bapa liko huru barafuni. Halafu linakuja lile gumu: kipa akikuona upande wa kulia atachungulia kushoto, na inabidi usogee kushoto pale pale mpigaji anapoachia. Ukisogea mapema, kipa anarudi kulia. Ukichelewa, ameshaiona. Na unayafanya yote ukiwa umempa kipa mgongo, yaani humwoni. Unasoma sauti ya viatu vyake kwenye barafu, unasoma msukumo wa gongo lake nyuma ya goti lako, unasoma anakoegemea beki. Kipa akizibwa mpaka paki imefika nusu ya njia, ile nusu sekunde yake imekatwa vipande viwili. Sijaona takwimu inayopima hilo vizuri. Vipimo vya ubora wa nafasi vinajua shuti limetoka wapi, lakini habari ya makalio yaliyokuwa mbele ya macho ya kipa havina.

Pasi. Hapa nitakubali zaidi, kwa sababu ukweli unanilazimisha. Ile pasi ndefu ya kukata uwanja katikati ya magongo manne, ya mwenzake Leon Draisaitl, Hyman hana. Asipewe kazi hiyo. Ila pasi ya winga anayecheza na McDavid si ile. Ni ya mita mbili hadi nne, inatolewa kwenye kona, beki akiwa amekubana kwenye mbao za pembeni, na inapimwa kwa mambo matatu.

Kwanza, umeangalia nyuma ya bega kabla hujaigusa paki. Ukiangalia baada ya kuigusa umeshachelewa. Pili, paki inaondoka imelala. Paki inayosimama kwa ukingo na kujiviringisha inamlazimisha mpokeaji kuituliza, na ule muda wa kutuliza ndio muda ambao beki alikuwa anauomba. Ili ilale, inaanzia kwenye kisigino cha bapa na kutokea kwenye ncha, bapa likiwa limeifunika kidogo. Haipigwi kofi.

Tatu, inapelekwa pale mtu atakapokuwa. Chukulia mwenzako anapita kwa mita 9 kwa sekunde, kasi ambayo kwa McDavid ni ya kawaida. Pasi yako ikitumia sekunde 0.3 njiani, amesogea mita 2.7. Ukimpigia alipo, umempigia mgongoni, anavunja mwendo, shambulizi limekufa, na mtazamaji anasema McDavid leo kachoka. Wachezaji wengi wenye mikono ya kusifiwa wamewekwa pembeni ya McDavid wakashindwa jambo hili moja. Jeff Skinner, aliyefunga mabao 40 akiwa Buffalo msimu wa 2018-19, alifika Edmonton 2024 na shuti ambalo kwa mbali linampita Hyman. Hakudumu kwenye safu ya McDavid, akamaliza msimu na mabao 16.

"Lakini yeyote angefunga akiwa na McDavid." Haya, tuliangalie kwa haki. Patrick Maroon alifunga 27 msimu wa 2016-17. Alex Chiasson alifunga 22 msimu wa 2018-19. Wote walikuwa watu wa mbele ya goli, na wote walinufaika naye. Kwa hiyo ndiyo, McDavid anainua mawinga, na sehemu ya mabao 54 ni yake. Sehemu gani, siwezi kuipima, na anayekutajia asilimia kamili anakisia. Ninachojua ni kwamba kutoka 27 hadi 54 kuna mabao 27, na hayo hayajazwi na senta peke yake, kwa sababu senta ni yule yule.

Nina shaka zangu pia. Mwaka wa mabao 54, zaidi ya asilimia 18 ya mashuti ya Hyman yaliingia. Hicho ni kiwango kikubwa hata kwa mtu anayepiga kutoka mita moja na nusu, na msimu wa 2024-25 mabao yakarudi 27. Je, ufundi ulipungua? Sidhani. Paki za kurudi, zile zinazotemwa na kipa, zina tabia ya kukuangukia msimu mmoja na kukukwepa mwingine, na mtu anayeishi kwa paki za kurudi anapanda na kushuka kuliko mpigaji wa mbali. Lakini kama wewe unasema 54 ilikuwa kilele na haitarudi, nitakuunga mkono. Kisha Mei 2025, kwenye fainali ya kanda dhidi ya Dallas, kifundo cha mkono kikateguka, akakosa fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL. Nimeeleza hapo juu kwamba shuti lake lote liko kwenye kifundo. Mwenye kasi akiumia bega anaweza kuishi kwa kasi. Huyu kifundo ndicho duka lake.

Kwa wanaofundisha vijana, pamoja na wale wa Nairobi wanaoteleza kwenye uwanja mdogo wa barafu wa Panari: ufundi huu hauhitaji uwanja mzima. Unahitaji mraba wa mita tatu. Simamisheni kwa ubavu ubao wenye upana wa sentimita 28 mbele ya goli, mchezaji akae mita moja mbele yake, mwenzake amsukume mgongoni kwa mkono mmoja, paki zirushwe kutoka pembeni bila mpangilio. Aziinue zivuke ubao kwa pande zote mbili za bapa, paki kumi kumi, kisha apumzike, kwa sababu mkono uliochoka unaanza kupiga kofi na kofi linazoeleka haraka. Zikigonga ubao, msimwambie apige kwa nguvu. Angalieni mkono wa chini: mara nyingi utakuwa umebaki juu ya mpini. Zikipaa juu ya goli, mwili umeegemea nyuma. Kwa kuchepua, mpigaji aanze taratibu kutoka mita nane, paki ya chini, na mchepuaji azuiwe kabisa kupunga. Pasi za kona fanyeni mpokeaji akiwa kwenye mwendo tangu siku ya kwanza. Akipokea amesimama, mnamfundisha mtoaji kosa ambalo atakuja kulifanya kwenye mechi.