Spishi "imetoweka": maana yake nini hasa?

Taja vyura wa Kihansi ndani ya daladala jijini Dar, na hatakosekana mtu wa kucheka: ndio wale waliopanda ndege wakaenda Marekani wakati sisi hata pasipoti hatuna. Utani wa siku nyingi huo. Lakini anayetaka kuelewa wataalamu wa uhifadhi wana maana gani wakisema kiumbe "kimetoweka", asiende mbali. Aanzie kwa chura huyo ambaye urefu wake haufiki hata sentimita tatu.

Kwa maana kamili, spishi imetoweka pale yule wa mwisho anapokufa na hakuna mwingine popote duniani. Dodo wa Mauritius aliisha hivyo karne ya 17. Mara chache sana tunaijua hata siku yenyewe: njiwa wahamaji wa Amerika Kaskazini, ambao makundi yao yalikuwa yakifunika anga, waliishia kwa jike mmoja aliyeitwa Martha, akafa Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914.

Chini ya maana hiyo zipo nyingine. Kuna kutoweka mahali fulani tu: miaka ya 1990 mwanzoni mbwa mwitu waliisha ndani ya hifadhi ya Serengeti, lakini Selous walikuwepo. Kuna pia kuwepo bila kuwepo. Vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili, Najin na Fatu, mama na bintiye, huko Ol Pejeta nchini Kenya. Dume la mwisho, Sudan, alikufa mwaka 2018. Wanakula na kutembea, lakini wenyewe kwa wenyewe kizazi hakiendelei.

Halafu kuna kutoweka porini, na hapo ndipo anapoingia chura wetu. Alionekana mara ya kwanza mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili tu, zilizokuwa zikilowana mchana na usiku kwa manyunyu ya maporomoko. Maji hayohayo yalitakiwa kuzungusha mitambo ya megawati 180, na umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa, yaani hadi kwenye feni yako ya Sinza. Bwawa likajengwa, sehemu kubwa ya mto ikageuzwa njia, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 wakachukuliwa kwenda kutunzwa katika bustani za wanyama za Marekani. Kule korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, na kwa muda vyura wakaongezeka. Mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, na kuvu anayeshambulia ngozi za vyura akakutwa kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Waliobaki hai walikuwa wale waliopanda ndege.

Sasa, nani aliwaua? Bwawa? Kuvu? Ukiniuliza mimi, swali limekaa vibaya. Spishi yenye makazi mapana hupigwa pigo moja, ikajikongoja, ikainuka. Yenye hekta mbili haina pa kukimbilia. Upotevu wa makazi, ambao ndio tishio linaloongoza kwa spishi duniani, mara nyingi hauui moja kwa moja. Unaipunguza spishi hadi ugonjwa, ukame au kuzaliana ndugu kwa ndugu vije kumalizia. Uwindaji kupita kiasi hufanya hivyohivyo.

Wageni nao wamo. Sangara tunayemkaanga hapa mjini alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na inakadiriwa kuwa spishi zaidi ya mia mbili za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zilipotea baada yake, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia. (Kunguru wa Zanzibar anayekuibia chapati ni mgeni pia, aliletwa kutoka India. Hajamaliza spishi yoyote, ila waulize ndege wadogo kuhusu mayai yao.)

Chura alirudi. Mwaka 2010 mia moja walisafirishwa hadi kituo maalumu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wengine wakaachiliwa tena Kihansi.

Dhana ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi: deni la kutoweka, yaani spishi bado ipo, lakini yatakayoimaliza yameshatendeka. Msitu ukikatwakatwa, mti mkubwa haufi leo. Unaendelea kusimama miaka mingi hata kama hauna tena wa kuchavusha maua yake wala nafasi ya kuotesha miche. Misitu yetu ya pwani, Pugu na Kazimzumbwi ikiwemo, imeliwa sana na mkaa wa jiji hili. Kusini zaidi, upande wa Kilwa na Lindi, kuna mti wa maua mekundu, Erythrina schliebenii, ulioandikwa kuwa umetoweka mwaka 1998. Mwaka 2001 ukaonekana tena, kisha ikahofiwa umefyekwa, hadi wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta mwaka 2011. Miti iliyokomaa haikufika hamsini.