Kabla ya kumtega kunguru, ijue akili yake

Tangu malalamiko kuhusu kunguru weusi yaongezeke hapa Dar es Salaam, simu tunazopokea sisi tunaofanya kazi ya kuwapunguza zinafanana. Mfugaji anasema vifaranga wamekwisha. Mama ntilie anasema ukigeuka kuchukua sahani, samaki hayupo. Mwalimu anasema watoto wanadonolewa vichwani wakipita chini ya mwarobaini wenye viota. Yote hayo ni kweli na tunayapokea kwa uzito wake. Tatizo liko kwenye sentensi ya kufunga simu, ambayo nayo ni ileile: "Mnashindwaje na ndege tu?"

Neno hilo "tu" ndilo lililonifanya niandike. Maana mtu anayeanza na "ndege tu" huishia kurusha mawe, kuning'iniza sanamu la matambara, au kupaka sumu kwenye utumbo wa samaki. Akimaliza, kunguru wa mtaa wake wanakuwa wagumu kuliko walivyokuwa, halafu anatuita sisi. Tunafika tukiwa na mtego mzuri, na hauingiwi hata na mmoja.

Tunatukanana kwa "akili za kuku". Mwanafunzi aliyekariri bila kuelewa tunasema amekuwa kasuku. Lugha imetuzoesha hivyo, na kusema kweli wasomi nao walichangia. Mjerumani Ludwig Edinger, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya kulinganisha bongo za wanyama, aliona kwamba ubongo wa ndege hauna yale matabaka yanayoonekana kwenye gamba la ubongo wa binadamu, akahitimisha kwamba sehemu kubwa ya ubongo huo ni ya silika. Majina yaliyotokana na mtazamo wake yakakaa vitabuni karibu karne nzima. Ni mwaka 2004 tu ndipo jopo la wanasayansi wa mataifa mbalimbali lilipoyaondoa na kuweka mengine, baada ya kukubaliana kwamba sehemu ile iliyodhaniwa ya silika ndiyo ndege anayofikiria nayo.

Kisha seli zikahesabiwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wanasayansi walichukua bongo za aina 28 za ndege, wakazisaga hadi zikawa kama supu, wakahesabu viini vya seli vilivyokuwa vikielea humo. Kuna ndege mmoja wa Ulaya, mwenye uzito wa gramu tano hivi, aliyekutwa na seli za neva zipatazo milioni 164. Panya mdogo wa nyumbani, ambaye ubongo wake ni mzito kidogo kuliko wa ndege huyo, anazo milioni 71. Kunguru mkubwa wa nchi za kaskazini, ndugu wa huyu wetu, ana ubongo wa gramu 14 hivi na ndani yake zimo seli zaidi ya bilioni mbili. Na kasuku mkubwa wa Amerika Kusini mwenye ubongo wa gramu 20 hivi alikutwa na seli nyingi zaidi, katika sehemu ya mbele ya ubongo, kuliko aina ya kima wa Asia ambaye ubongo wake ni mkubwa kama limau zima.

Kwa hiyo kichwa kidogo si hoja. Seli za ndege ni ndogo na zimepangwa kwa kubanana, kama magunia kwenye lori la mfanyabiashara anayejua kupakia. Hilo nalo lina faida yake, kwani umbali kati ya seli na seli ni mfupi na ujumbe hauchelewi njiani. Anayeruka hana nafasi ya kubeba kichwa kizito.

Bado kuna suala la chakula. Ubongo ni kiungo cha gharama. Wa binadamu unachukua karibu sehemu moja ya tano ya nishati ya mwili mzima, ingawa uzito wake haufiki hata kilo mbili. Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha Bochum, Ujerumani, walipima sukari inayotumiwa na ubongo wa njiwa. Wakakuta kwamba seli moja ya neva ya njiwa inatumia kama theluthi moja ya sukari inayotumiwa na seli ya wastani ya mnyama anayenyonyesha. Huyo ni njiwa, ambaye hakuna mtu anayetupigia simu kumshtaki. Ndege amepata ubongo wenye seli nyingi na anaulisha kwa makombo, na makombo mjini hayakosekani.

Nirudi kwa kunguru, maana ndiye aliyetuleta hapa.

Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Profesa John Marzluff na wenzake waliwakamata kunguru wachache huku wamevaa barakoa ya mpira yenye sura ya mtu wa kale wa mapangoni. Wakawavisha pete miguuni, wakawaachia. Baadaye kila aliyepita chuoni hapo na barakoa ile, awe mfupi au mrefu, mwanamume au mwanamke, alipigiwa kelele na kufuatwa. Aliyevaa barakoa ya sura nyingine aliachwa apite. Miaka ikapita, na kelele zikaongezeka badala ya kupungua, kwa sababu hata kunguru ambao hawakukamatwa siku ile, wakiwemo makinda, walikuwa wameshajifunza kutoka kwa wenzao kwamba sura ile ni ya adui. Habari ikavuka hadi maeneo yaliyo zaidi ya kilomita moja kutoka pale mtego ulipowekwa.

Huyo ni kunguru wa Marekani. Wetu alitoka Bara Hindi, lakini ukoo ni mmoja, na wanaofanya kazi hii hawahitaji barakoa kulithibitisha. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi, simama nusu saa bila haraka. Niliwahi kumtazama mmoja pale ameokota kipande cha mkate mkavu. Hakuhangaika kukimega. Alikwenda nacho kwenye ndoo ya maji iliyokuwa kando ya meza, akakichovya, akasubiri, akakitoa, akakiminya kwa mdomo, akakichovya tena. Muda wote huo jicho moja lilikuwa kwa mwenye ndoo. Yule mama alipoinama kuchukua kisu, ndege hakutikisika. Alipoinama kwa namna ileile upande wenye kokoto, kabla hata mkono haujagusa chini, kunguru alikuwa juu ya bati. Wazee walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Uoga ule ni hesabu, na hesabu yake huwa sahihi.

Nami nilijifunza kwa kukosea. Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliwatoa kunguru mtegoni mchana kweupe, kwenye kiwanja cha shule moja, huku miti yote ya jirani imejaa kunguru wakitazama. Mtego ule haukukamata tena kitu pale. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa nikishuka tu kwenye gari, kelele inaanza mtini. Mwenzangu akishuka peke yake, kimya. Tangu siku hiyo hatutoi ndege mtegoni mchana.

Sasa naomba tuelewane kuhusu mbinu za nyumbani. Sanamu la matambara lisilosogea humchukua kunguru siku chache kulizoea. Sidi zinazometameta, vivyo hivyo. Jiwe linamfundisha sura yako na umbali wa mkono wako. Kumning'iniza kunguru aliyekufa kunawafanya wenzake wapige kelele na kuogopa mahali hapo kwa muda, kisha wanahamia kwa jirani, na jirani anatupigia simu. Na ile habari kwamba kunguru ni nuksi, au ametumwa na mtu, tumeshaisikia mara nyingi mno. Amefuata jalala lako. Hakutumwa na mtu.

Sumu ndiyo inayoniumiza zaidi. Kunguru anayemwona mwenzake amekula nyama akaanguka palepale hataigusa nyama ile, wala nyama nyingine itakayowekwa pale. Atakayeila ni paka, mbwa wa jirani, kipanga, na yule kunguru wetu wa asili mwenye kifua na shingo nyeupe ambaye hana kosa. Mtoto anayetambaa naye yumo hatarini. Jamani, dawa ya kuua wadudu shambani haikutengenezwa ichanganywe na utumbo wa samaki. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kutumia sumu kuwinda au kuua wanyamapori, na viuatilifu vina sheria yake ya mwaka 2020, inayotaka vitumike kwa kazi vilivyosajiliwa. Adhabu ni faini au kifungo, au vyote viwili kwa pamoja, kutegemea kosa na kifungu utakachoshtakiwa nacho. Kusema ulimlenga kunguru hakufuti kosa la mbwa wa watu, na aliyekuuzia dawa anaweza kuulizwa. Wanaotaka kupiga kwa bunduki, hata ile ya upepo, waanzie kituo cha polisi kuuliza masharti ya silaha. Sisi hatutoi ruhusa hiyo na hatuna mamlaka ya kuitoa.

Utaratibu unaofaa ni huu. Malalamiko yapitie ofisi ya serikali ya mtaa, yaje na barua yenye jina la mtaa, alama ya kutambulisha mahali, na namba ya simu ya mtu atakayetupokea. Ongeza picha za viota, saa ambazo ndege huja kwa wingi, na mti wanaolala jioni. Kipengele hicho cha mti wengi hukiacha wazi, na ndicho tunachokihitaji kuliko vyote. Mti ukiwa wa jirani, lazima akubali kwa maandishi. Tusipopata ridhaa yake hatuingii, hata kama mpo kumi mnaolalamika. Msikate mti kabla hatujafika. Mkiukata, wanahama usiku huohuo na sisi tunaanza upya.

Baada ya ukaguzi tunaleta mtego. Ni banda la nyavu za waya, kubwa kama chumba kidogo, lenye paa lililoinama katikati na uwazi uliopangwa kama vipago vya ngazi. Kunguru anashuka kwa kukunja mabawa, anapita. Akitaka kutoka anapaswa kupaa akiwa ameyakunjua, na hapo hapiti. Kwa juma zima au zaidi banda linawekwa chakula na kuachwa wazi, kila mmoja aingie ale aondoke. Hiki ndicho kipindi cha simu za hasira: "Mmekuja kuwalisha?" Ndiyo, tunawalisha. Tunampa ndege mwenye kumbukumbu nzuri kumbukumbu tunayoitaka sisi. Ukimkimbiza mmoja siku ya tano, umeharibu zile nne zilizotangulia.

Inapolazimu dawa, inatumika ile iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, na wanaoiweka ni wataalamu wenye kibali. Hufanya kazi taratibu. Ndege anakula asubuhi na kufa saa nyingi baadaye, mara nyingi akiwa mbali kwenye mti wa kulala, wenzake wasiunganishe chakula na kifo. Ukikuta mizoga, usiishike kwa mkono mtupu na usiwape mbwa. Tuite tuje tuizike.

Na taka? Naona kama ni jambo lisilohitaji maelezo, lakini basi. Kunguru hawa waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, wakati wa Waingereza, ili wale uchafu wa mji. Mombasa walionekana mwaka 1947. Zanzibar iliwapunguza sana katika miaka ya 1990, juhudi zilipolegea wakarudi. Kenya nayo, mwezi Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuondoa kunguru milioni moja. Hoja kwamba "wanatusaidia usafi" nimeisikia hata kwa watu wazima wenye elimu zao. Wanakula sehemu ndogo, wanatawanya iliyobaki, kisha wanashukia mayai na makinda ya ndege wadogo ambao nusu ya watoto wa mji huu hawajawahi kuwaona. Pipa liwe na mfuniko, na mfuniko uwe mzito au uwe na kamba, kwa sababu mwepesi wanaufunua. Utumbo wa samaki ufukiwe au uondolewe kabla ya jua kuzama. Wao huamka kabla ya gari la taka.

Jambo la mwisho ni kwa mitaa ambayo tayari ina mitego. Tukishaufunga mtego, tunakuja usiku kuwatoa waliomo, ila humo ndani utamkuta kunguru mmoja au wawili asubuhi. Hatukuwasahau, na tafadhali asiwepo mtu wa kuwafungulia kwa huruma wala wa kuwapiga kwa fimbo kupitia waya. Mwenzao anayeonekana anakula kwa utulivu ndiye anayewashusha wengine. Akionekana anateswa, hakuna atakayeshuka. Anahitaji kivuli, chakula, na maji safi kila asubuhi. Mtu aliyeteuliwa na mtaa kuyaweka awe yuleyule kila siku, asibadilishwe mpaka tutakapouondoa mtego.