"Imeziba asilimia ngapi, dokta?"

Juzi swali limerudi tena, na safari hii limenikuta na njaa. Nilikuwa nimemlaza mzee mmoja wa Newala, karani wa mzani mstaafu wa chama cha msingi cha korosho, jeli shingoni, probu ya ultrasound mkononi mwangu. Presha anayo miaka mingi, vidonge anameza akikumbuka. Mwanawe kasimama nyuma yangu, anatazama skrini. Imeziba asilimia ngapi? Nikamwambia plaki, yaani utando wa mafuta ukutani mwa mshipa, ipo pale inapogawanyika karotidi, mshipa mkubwa wa shingoni unaopeleka damu ubongoni, ila njia haijabanwa hata nusu. Kasi ya damu, ambayo hupanda njia ikibanwa, haikufika sentimita 125 kwa sekunde. Akashusha pumzi. "Basi kichwani salama."

Nani kasema?

Hiyo asilimia tunaipima ili tuamue: apasuliwe au asipasuliwe? Aliyekwisha kupata kiharusi na njia imebanwa asilimia 70 au zaidi, upasuaji humsaidia. Hilo lilionekana Amerika Kaskazini mwaka 1991. Asilimia hiyo haikuwekwa ipime akili. Lakini sisi wenyewe madaktari tunaandika "hana dalili" baada ya kuuliza kama mkono umelegea au mdomo umepinda tu, kisha tunashangaa ndugu wakiondoka wanachekelea.

Nikamuuliza mzee kazi ilikuwaje. "Zamani nasoma mzani huku wakulima watatu wananisemesha. Sasa mtu akinipa shikamoo tu, naanza kuhesabu magunia upya."

Kumbukumbu anayo, majina ya wanachama ananimwagia. Kilichopungua ni kushika mambo mawili kwa pamoja, na kazi hiyo haina chumba chake ubongoni. Sehemu za mbele na za nyuma huitikiana kupitia nyuzi ndefu zilizo ndani kabisa, nazo hulishwa na vimishipa vyembamba mno. Karotidi yenye afya hutanuka moyo unapopiga, inameza kishindo. Ikikakamaa, na huanza kukakamaa mapema, kishindo hupenya hadi kwenye vimishipa hivyo. Damu inafika, tena ya kutosha. Inafika na marungu. (Nasema ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Ule mshipa unaokutoka shingoni ukibishania Simba na Yanga ni vena, achana nao.)

Sasa wenzangu wanaopenda picha za mitandao ya ubongo, yaani sehemu zake zinazofanya kazi pamoja, wasishangilie. MRI, mashine inayopiga picha hizo, haioni neva zikizungumza. Inaona oksijeni kwenye damu. Mshipa mgonjwa huitikia kwa kuchelewa. Kwa hiyo sehemu mbili zikionekana haziendi pamoja, je, zimeacha kuitikiana, au damu ya upande mmoja imechelewa tu? Makala ikitangaza "mtandao umekatika" bila kulishughulikia hilo, naifunga ukurasa wa pili.

Na kuna linaloninyima raha zaidi. Presha iliyoharibu shingo ndiyo hiyo hiyo inayopiga vimishipa vya ubongo moja kwa moja. Huenda plaki ni shahidi tu, mimi namshika kama mwizi kwa sababu ndiye anayeonekana kwenye skrini. Kwa mzee huyu sina namna ya kuwatenganisha.

"Kwa hiyo apasuliwe?" kijana akauliza.

La! Vidonge vya presha kila siku, vya lehemu aanze, sigara aache. Nikawa namweleza kwa mara ya pili. Mzee alikuwa anafunga vifungo vya shati. Akasimama katikati kutusikiliza, kisha akaanza tena kutoka cha juu.